Likizo ya Mguu wa Kulia

Mguu wangu wa kulia, sikiliza,
leo nakupumzisha.
Si kwa ubaya. Ni yule mtamba wa Olenguruone
aliyekukanyaga mwaka wa mafuriko,
ukavimba kama kiazi cha Molo,
nami nikakuvika buti nikakurudisha kazini
kwa kuwa kule Mau Narok ng'ombe mwingine
alikuwa akilia, ndama amekwama njiani.

Miaka ishirini na saba umekanyaga eksileta
ya hii Land Cruiser isiyosamehe jiwe wala tuta.
Umekanyaga hadi mkeka ukatoboka ukaonyesha bati,
na bati nalo likaonyesha lami.
Siku hizi nikitoka Nakuru kwenda kwa dada Kitale
nafika nikichechemea,
naye yuko mlangoni na beseni la maji ya chumvi
na methali yake ileile:
ng'ombe akivunjika guu malishoni, hujikokota zizini.
Zizi lenyewe, namjibu, liko kilomita mia mbili na ushei.

Fundi Adagala wa Kivumbini
alikifungua kile kifaa kwenye gazeti, kama nyama ya buchari:
puto la mpira, kamba ya chuma, sumaku mbili,
nyaya za rangi alizozihesabu mara tatu
na kila mara akapata jibu jipya.
Kilitoka kwenye saluni iliyobingirika Sachangwan, alisema,
kisha akajuta kusema.
"Lakini siku hiyo kilikuwa kimezimwa."

Siku nzima alilala chini ya gari,
miguu tu nje, soksi moja ya shule.
Sumaku akazifunga kwenye propela, zihesabu mizunguko.
Puto akaliazimia pumzi kwa alteneta.
Kamba akaifikisha kwenye mkono wa pampu ya dizeli,
ubavuni mwa kamba yako wewe, mguu,
mkae kama wakewenza wanaoheshimiana.

Nilidhani ataanza na swichi ya kushikilia mwendo.
Alianza na nyaya za kuuachia,
mmoja wa breki, mmoja wa klachi.
"Kushika, Daktari, hata mtoto mchanga anajua.
Mimi kwanza nione kama itaachia."
Akaniketisha. Gusa breki. Nikagusa. Tik.
Gusa tena. Tik.
Mara ishirini, Tanui mwanagenzi akihesabu kwa sauti
hadi mchoma mahindi wa ng'ambo akahesabu naye.

Jumapili, kabla ya jua.
Mpando wa Sachangwan nilikuachia wewe,
malori mbele, malori nyuma, dizeli yetu ikikohoa.
Timboroa, ukungu: bado wewe.
Lakini tulipopita Burnt Forest
barabara ikanyooka kama iliyopigwa pasi,
sindano ikasimama sabini na tano,
nikabonyeza.

Eksileta ikazama yenyewe,
kana kwamba imekanyagwa na mzimu mwenye adabu.
Nawe ukabaki hewani, unatetemeka,
mstaafu aliyeamka saa kumi na moja akafunga tai
kisha akakumbuka.
Pumzika, nikakwambia. Hukuniamini.
Ngano kushoto, ngano kulia,
na lile josho nililolizindua mwaka wa tisini na nane
(sikujua bado lipo)
limejaa mchicha.

Ndipo ndama akavuka.

Sikukutuma.
Uliteremka mwenyewe, tik, puto likatema pumzi,
gari likainama pua, likasimama.
Ndama akatutazama kwa dharau ya vijana,
akaendelea na safari yake.

Ila nilimwona lile tumbo la mtungi,
na manyoya yale, makavu, yamesimama.
Minyoo.
Na kule nyuma ya ua, moshi wa jiko, mwenyewe yupo.
Nikavuta breki ya mkono,
nikafungua mlango.

Samahani, mguu.
Shuka.